Termessos: Mji wa Mlimani, Maji Yake na Wazee Wake



Watu wa pwani yetu wanaojaaliwa kufika Uturuki aghalabu hurudi na habari za Istanbul: Msikiti wa Sultan Ahmed, Aya Sofia, soko lililoezekwa paa, na bei ya mazulia. Ni habari njema na hatuchoki kuzisikia. Leo lakini nataka kumchukua msomaji hadi mahali ambapo sikuona duka wala sikusikia adhana, mahali ambapo mji mzima umelala ndani ya msitu juu ya mlima. Mji huo unaitwa Termessos, nao uko kusini mwa Uturuki, safari ya chini ya saa moja kwa gari kutoka bandari ya Antalya.

Tulikwenda Antalya, mimi na mama watoto, kumzuru mwanetu wa pili ambaye anasoma chuo kikuu huko. Nilidhani atatutembeza ufukweni na katika mji mkongwe, na kweli alifanya hivyo siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu akaja na gari aliloazima kwa rafiki yake, akasema, "Baba, tangu utotoni umetusomesha habari za kaumu zilizopita. Leo twende ukaone mmojawapo wa miji yao."

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kama inafaa Mwislamu kuzuru magofu ya waabudu masanamu. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, kwenye majumba ya Thamud, aliwakataza maswahaba wasiingie kwa watu walioadhibiwa isipokuwa hali wakilia. Hilo ni la watu ambao Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa waliangamizwa kwa adhabu. Watu wa Termessos hatukuambiwa hivyo. Na Qur'ani yenyewe, katika zaidi ya pahala pamoja, yatuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Mwenye kwenda kwa nia hiyo, akachunga Swala zake na akajiepusha na upuuzi, sioni ubaya wa safari yake.

Barabara yatoka Antalya kuelekea Korkuteli. Kisha kuna njia ya kukata kushoto iingiayo katika hifadhi ya taifa ya mlima Güllük, na kutoka hapo ni kilomita 9 za kupanda kwa mzunguko, kona juu ya kona, misonobari pande zote mbili. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1970. Ndani yake wamo mbuzi mwitu na paa wenye madoadoa, ingawa sisi hatukubahatika kuona isipokuwa vindi wawili na kobe mmoja aliyekuwa akivuka njia bila haraka yoyote. Gari huishia kwenye uwanja mdogo. Kuanzia hapo ni miguu.

Mama watoto alitazama juu, akaitazama njia ya mawe, kisha akavitazama viatu vyangu vya ngozi nilivyovivaa kama mtu aendaye kufungisha ndoa. Hakusema neno. Alivua viatu vyake vya wazi, akatoa raba kutoka mkobani, akazivaa. Yeye alikuwa amemuuliza mwanawe mapema, mimi sikuuliza.

Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Waliouanzisha hawakuwa Wayunani. Walikuwa watu wa milima ya nchi iliyoitwa Pisidia, wakijiita Wasolymi, na mlima huu waliuita Solymos kwa jina lao. Baadaye walichukua lugha na ujenzi wa Kiyunani, lakini tabia yao ya kutokubali kutawaliwa ilibaki ya kwao. Tulipopanda kama robo saa tulifikia ukuta wa kwanza, umeziba bonde kutoka jabali hadi jabali, mawe makubwa yaliyochongwa na kupangwa, na miti imeota katikati yake. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini Alexander wa Makedonia, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Iskandar, alifika hapa mwaka 333 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), akauzingira mji, kisha akauacha. Alikuwa ameshika miji mingi ya pwani ile. Huu aliona utamlia muda mwingi, akaelekea mji wa Sagalassos. (Wako waliomfanya Alexander huyu kuwa ndiye Dhul-Qarnayn. Wanazuoni wengi wamelikataa hilo, na mwenye kusoma habari za ulevi wake na ibada zake hatapata taabu kuona sababu.)

Karibu na lango moja kuna maandishi yaliyochongwa ukutani ambayo mwanangu alinionyesha kwa kicheko. Ni maandishi ya kupigia bao: mtu alirusha dado, akahesabu idadi aliyoipata, kisha akasoma ukutani jibu la safari yake, ndoa yake au biashara yake. Kumbe ramli haikuanzia vichochoroni kwetu. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na haya ya kuyaandika majibu hadharani, bei moja kwa wote, ambapo wetu humnong'oneza kila mteja kwa kadiri ya mkoba wake.

Juu zaidi, msitu hufunguka na mji hujitokeza kipande kipande. Hapa kuna ukuta wa nyumba ya mazoezi ya vijana, umefunikwa na mizizi. Pale kuna njia iliyokuwa na nguzo na maduka pande zote mbili. Sehemu kubwa ya mji haijafukuliwa na wataalamu. Mawe yamelala pale pale yalipoangukia, na mwaloni umemea juu ya kizingiti cha mlango. Kwa mtu wa pwani, mandhari hiyo si ngeni kabisa. Aliyetembea Gedi asubuhi na mapema, kabla ya watoto wa shule kufika, anaujua ule ukimya wa mti uliokalia nyumba ya mtu. Isipokuwa Gedi ni tambarare na joto lake ni la kwetu, na ndani ya Gedi kuna mihirabu ambayo moyo wako unaitambua. Termessos hakuna mihrabu. Kuna mahekalu, na la mungu wao mkuu waliyemwita Zeus Solymeus lilikuwa miongoni mwao.

Tulifika kwenye ukumbi wa tamasha. Picha nilizokuwa nimeonyeshwa hazikunitayarisha. Ni nusu duara ya ngazi za mawe zilizokalia ukingo wa genge, zenye nafasi ya watu 4,000 au zaidi. Mbele yake ni mlima mwingine uliosimama kama ukuta, na kando yake bonde linateremka hadi uwanda wa Antalya na bahari kwa mbali. Mama watoto aliketi safu ya juu, akafunua chupa ya chai, na tukanywa hapo sote watatu bila kuzungumza. Upepo ulikuwa mkali. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa na mwanangu nusu saa nzima pasi na mmoja wetu kutafuta sababu ya kuondoka.

Nyuma ya ukumbi ule kuna uwanja wa soko, na karibu yake nyumba ya baraza ambayo kuta zake zimesimama hadi kimo cha ghorofa tatu. Lakini kilichonishika mimi kilikuwa chini ya ardhi. Kando ya soko kuna mashimo, na ukiinama juu yake unaona kuwa si mashimo, bali ni midomo ya mabirika. Ni mabirika makubwa matano yaliyochongwa ndani ya mwamba, yakipokea maji ya mvua na kuyahifadhi. Mwanangu alidondosha kijiwe. Tulisikiliza. Kiligonga jiwe, maji hayakuwemo tena.

Mlima huo hauna mto unaopita katikati ya mji. Watu wake waliishi kwa mabirika na kwa mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi za nje. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu mwisho wa Termessos ni kwamba tetemeko la ardhi liliuvunja mfereji huo, maji yakakatika, na katika karne ya 5 baada ya Nabii Isa watu wakawa wameuhama mji. Mji ulioshindikana kwa Alexander, ulioheshimiwa na Roma hata ikauita rafiki na kuuachia ujitungie sheria zake, ulihamwa kwa ajili ya kiu. Gedi nako wako watafiti wanaosema kuwa maji ya visima yalizidi kwenda chini, na wanaonyesha kisima cha Msikiti Mkubwa kilichoongezwa kina kama ushahidi wao.

Mama watoto alisimama juu ya lile birika muda mrefu. Kisha akasema, kana kwamba anasema na jiwe, "Hawa maji yao yaliwakimbia. Hawakuyafukia wenyewe."

Nilijifanya sikusikia. Mwanangu naye aligeuka akatazama miti. Sababu yake nitaieleza punde.

Tukapanda hadi makaburini, upande wa kusini. Huko kuna majeneza ya mawe kwa mamia, yamepinduka, yamepasuka, vifuniko vimetupwa kando kama baada ya vita. Mengi yameandikwa jina la mwenyewe, na mengine yana onyo: atakayelifungua au kumzika mtu mwingine ndani yake atalipa faini kwa hazina ya Zeus. Faini hizo hazikumzuia mwizi hata mmoja. Hakuna jeneza nililoliona ambalo halikuvunjwa.

Wakati wa kushuka tulishika njia ya upande wa pili wa mji, ipitayo chini ya jabali, na hapo tukakuta kaburi lililochongwa mwambani. Kando yake, jiwe limechorwa mpanda farasi aliyevaa silaha, na ngao, na kofia ya chuma. Wataalamu huliita kaburi la Alcetas. Kisa chake nilikisoma usiku uliotangulia, katika tafsiri ya Kiarabu ya habari za Diodorus, mwanahistoria wa Kiyunani, na mimi ni mtu apendaye kusimulia. Nikawaketisha wote wawili nikaanza.

Alexander alipokufa, majemadari wake waligombania nchi. Alcetas alikuwa nduguye Perdiccas, aliyeshika hatamu baada ya Alexander na akauawa Misri na maafisa wake mwenyewe. Mwaka 319 kabla ya Nabii Isa, Alcetas alishindwa vitani na jemadari mwingine, Antigonus, aliyekuwa chongo. Akakimbilia Termessos, kwani siku za nguvu zake aliwatendea wema watu wa Pisidia, akiwagawia ngawira na kuwakaribisha mezani pake. Antigonus akaja na jeshi, akapiga kambi, akataka akabidhiwe mtu wake.

Mji ukagawanyika. Wazee wakasema: atolewe, tusije tukaangamia kwa ajili ya mgeni. Vijana wakasema: huyu ni mgeni wetu na rafiki yetu, hatumtoi. Wazee walipoona hawataweza kuwashinda kwa hoja, walituma watu usiku kwa siri kwa Antigonus, wakamwambia ajifanye kurudi nyuma ili vijana wamfuate mbali na mji. Akafanya hivyo. Vijana wakatoka wakapigane, na walipokuwa mbali, wazee wakamwendea Alcetas kwa ghafla. Naye, alipoona hana njia, alijiua asije akakamatwa hai. Wazee wakamlaza juu ya jeneza, wakamfunika vazi kuukuu, wakamtoa mlangoni kabla hajagundua mtu.

Hapo nilikuwa nimenogewa. Sauti yangu imepanda, mikono inazungumza. Mwanangu akauliza kwa upole, macho yake yakiwa chini, "Na wale vijana waliporudi, baba, walikuta nini?"

Nikanyamaza.

Msomaji wa mtaani kwetu ameshafahamu. Kwa asiyekuwa wa huko nitasema. Miaka mitatu iliyopita, msikiti wetu ulikuwa na kisima cha zamani, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na birika la kutawadhia ubavuni mwake. Bibi mmoja wa karne iliyopita alikichimba na kukiweka wakfu, kwa sharti kwamba maji yake yasizuiliwe mtu. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, lakini hayakukatika. Sisi wa kamati, na mimi nikiwa ndani ya kamati hiyo na nikiwa ndiye mwenye kuulizwa hukumu, tuliona mahali pale patafaa maduka matatu, kodi yake ilipe walimu wa madrasa. Maji ya mfereji tulikuwa nayo. Hesabu zetu zilikuwa sawa, na haja ya walimu ilikuwa ya kweli.

Vijana wakakataa. Walitaka kukisafisha kisima na kukitia pampu. Tulikutana nao mara mbili na hatukuwashinda. Basi tukangoja hadi walipokwenda Lamu kwenye Maulidi, kama ada yao ya kila mwaka. Fundi aliingia Alhamisi. Waliporudi Jumatatu walikuta zege.

Nimesomesha wakfu kwa miaka mingi. Nawafundisha wanafunzi kuwa sharti la aliyeweka wakfu huheshimiwa kama nassi. Nililijua sharti la bibi yule, na nikatafuta neno maslaha nikalitandika juu yake kama lile vazi kuukuu. Mwanangu alikuwa mmoja wa waliokwenda Lamu. Hakunivunjia heshima hata siku moja. Aliacha tu kukaa katika darsa langu baina ya Magharibi na Isha, na wenzake wakaacha pia, na mwaka uliofuata alipata nafasi ya masomo, akasafiri.

Pale chini ya jabali nilimaliza kisa, kwa sauti ya chini kuliko nilivyoanza. Vijana wa Termessos waliporudi walighadhibika, wakaishika sehemu ya mji, wakaazimia kwanza kuitia moto. Kisha wakaghairi, wakatoka kwenda kuzipora nchi za Antigonus. Naye Antigonus aliudhalilisha mwili ule siku tatu, halafu akautupa bila kuuzika na akaenda zake. Vijana wakauokota, wakauzika kwa heshima kubwa. Huenda kaburi tulilokuwa tumeketi mbele yake ndilo hilo.

"Walikuta tumeshafanya," nilimjibu. Sikusema "wameshafanya". Ulimi ulinitangulia.

Hakujibu. Alinyosha mkono akanisaidia kuinuka, kwa kuwa vile viatu vya ngozi vilikuwa vimeshanichubua visigino vyote viwili. Tulishuka polepole. Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja kwa kupunguza, kwenye kivuli cha msonobari karibu na uwanja wa magari, na yeye ndiye niliyemtanguliza kuswalisha.

Kwa anayetaka kwenda: afike asubuhi, kwa kuwa mchana jua huwa kali na njia ni ndefu, sisi tulitumia saa nne na nusu, na hatukumaliza. Hakuna basi la kupanda hadi juu, hivyo ni gari la kukodi au teksi iliyokubali kungoja. Kuna tiketi ya kuingia. Maji na chakula abebe mwenyewe. Avae viatu vya kamba. Watoto washikwe mkono karibu na soko, maana midomo ya mabirika mengine iko wazi na haina ukingo.

Ama sisi, tangu turudi maji ya mfereji mtaani kwetu yamekuwa yakija siku mbili kwa juma, na siku nyingine hayaji. Msikiti unanunua maji kwa wasukuma mikokoteni, mtungi kwa mtungi, na mwezi uliopita gharama hiyo ilikula kodi ya duka moja lote. Nimewaambia wenzangu wa kamati niliyoyaandika hapa kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Wawili wamenuna. Mmoja, aliye mkubwa wetu, alisema alikuwa akingoja mtu wa kulianza neno hili. Fundi amekuja kupima: kisima kiko chini ya duka la kati, na mpangaji wake amekubali kuhamia la pembeni iwapo atasaidiwa gharama za rafu zake.

Mkutano ni Ijumaa hii baada ya Swala ya Isha, barazani msikitini. Vijana nimewaomba waketi mbele.